Mama Opio na Masika Kumi na Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kliniki ya watoto mjini Kasese, chini ya mlima, Sista Mkuu alinikabidhi mizani hata kabla sijaweka mkoba chini. Ilikuwa ya kuning'iniza: unaifunga kwenye boriti, mtoto anakaa ndani ya mfuko wa turubai, mshale unakuonyesha uzito. "Soma jina kwanza," akaniambia, "ndipo usome mshale." Nikaitikia, ndiyo Sista. Nilikuwa msichana wa Rukoki, nimetoka chuoni na sare iliyopigwa pasi mpaka ikakakamaa, na kusoma jina nilikuona kazi ya mtoto wa darasa la kwanza.

Kila mtoto alikuwa na kadi iliyokaa sandukuni kwetu. Kila mwezi tulitia nukta ya uzito, tukaziunganisha nukta kwa mstari. Mstari ukipanda, mama anapongezwa. Ukishuka, ni dalili ya utapiamlo, na mtoto analazwa na kupewa maziwa ya unga.

Mwaka wangu wa pili, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, ndipo akaja Mama Opio. Mume wake alikuwa sajenti katika kambi ya jeshi. Walikuwa watu wa kaskazini, wana watoto watano na cherehani moja. Alimleta kitindamimba wake kupimwa, akaona foleni imevurugika, akampa jirani mtoto, akaanza kuipanga. Alhamisi iliyofuata akarudi, na kila Alhamisi baada ya hapo. Hatukumpa hata kikombe cha chai. Chai yenyewe alikuja nayo, na sisi tukainywa. "Line moja," alikuwa akisema. "Hapa hakuna bibi ya mkubwa." Na kweli, mke wa kapteni alisimama nyuma ya mama wa mlimani aliyekuja peku. Nilimpenda siku ile ile.

Sasa, sisi Wakonzo, watu wa mlimani, humwita mtoto kwa kufuata zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira. Mimi mwenyewe ni Biira. Kwa hiyo Alhamisi moja tulipopima Masika kumi na mmoja, sikuona ajabu yoyote.

Jioni tukifunga sanduku, Mama Opio akaniuliza, "Nesi, ile mtoto ya miguu imevimba, umelaza wapi?"

Nikamwambia leo hatukulaza mtu. Akanyoosha kidole kwenye sanduku. Nikazitoa kadi. Moja ilikuwa na nukta mbili za siku ile, ya juu na ya chini.  Nilikuwa nimeandika uzito wa Masika mgonjwa kwenye kadi ya mwenzake mnono, nikatazama mstari wa huyo mnono uliokuwa umeshapanda, nikampongeza mama wa mgonjwa na kumrudisha nyumbani mikono mitupu. Miguu ikishavimba, mtoto hana wiki nyingi. Kadi tatu hazikuwa na nukta ya siku hiyo, na zote zilisema kitu kimoja: Masika, Mahango, kijiji cha juu mlimani.

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Sista Mkuu hakunipigia kelele. "Mtafute," akasema, basi.

Asubuhi tukapanda Mahango. Miaka ile watu wa mlimani walikuwa wameasi serikali, hawakupikika chungu kimoja na wanajeshi, nikamsihi Mama Opio abaki. Akawaachia majirani wa kambini watoto wake, akajitwika debe la maziwa ya unga, akatangulia.

Kila nyumba ilikuwa na Masika. Tuliletewa Masika wa kunyonya, Masika wenye meno, hata Masika bibi kizee aliyetaka naye apimwe. Mama Opio aliwanyanyua wadogo mmoja mmoja, akawatazama miguu na kusema, "Si huyu." Tulicheka, lakini mimi moyoni nilikuwa nalia.

Kisha mzee mmoja akaniuliza kwa Lhukonzo, huyu mwanamke ni wa nani. Nikaanza kutafuta uongo wa kumjibu. Mama Opio alikuwa ameshaelewa.

"Mzee, mimi bibi ya askari," akasema. "Bwana yangu iko kambini. Mimi natafuta mtoto mgonjwa."

Waliobeba watoto wakarudi nyuma. Mzee akauliza mtoto anafananaje.

"Sura nimesahau. Mimi fundi wa nguo, nakumbuka nguo. Mama yake alimbeba na kitenge ya manjano, iko na ndege ya bluu."

Mzee akainua fimbo, akaonyesha mteremko wa pili. Kitenge kilikuwa kimeanikwa kwenye ua, na ndege wake walionekana tangu mbali. Mtoto alikuwa ndani, yu hai. Mama Opio alimteremsha mlima mgongoni mwake, mama mzazi akifuata na kuuliza kila hatua kama anapumua.

Masika yule alilazwa mwezi mzima akapona. Alhamisi iliyofuata Mama Opio akaja na sindano, akakata kipande kidogo kwenye nguo ya kila mama na kukishonea kwenye kadi ya mtoto. Sista Mkuu akanung'unika kwamba kadi za serikali si mashati. Wiki ya tatu akaleta uzi mwenyewe.

Miaka ya sabini nilihamishiwa Bwera, na bahati nzuri sajenti naye akapelekwa huko mpakani. Akina mama kutoka Beni walikuja na vitenge vyao vya Kongo, na sanduku letu likachangamka kuliko duka la nguo. Kisha sajenti akapata uhamisho mwingine. Nilimsindikiza Mama Opio hadi njia panda ya Kikorongo, lori la jeshi likasimama, akavua shuka aliyojitanda mabegani. "Ya Masika wengine," akasema, akapanda. Hatukuonana tena.

Nimestaafu sasa, naishi Rukoki. Shuka ile sikuwahi kuikata, mkono haukukubali. Mwezi uliopita mwanamke mzima akapiga hodi, kabeba mtoto. Nikamuuliza jina lake. Masika. Mimi, mzee niliyekwisha kufundishwa na kazi, nikauliza: Masika yupi?

Akafungua mkoba, akatoa kadi iliyochakaa, kadi yake ya utotoni aliyopewa alipomaliza kliniki. Kwenye kona yake palikuwa na ndege wa bluu.

Akasema mtoto ni binti yake wa kwanza, Masika naye, na anaanza kliniki kesho. Nikaingia ndani nikachukua shuka na mkasi.