Dozi ya Pijo

Mjomba Boga aliamini gari lake la Pijo ni jipya, kwa sababu kipimo cha kilomita kilikuwa kimefika tisa zote kikarudi sifuri. "Limezaliwa upya," alikuwa akituambia. Lakini Pijo lile lilifuka moshi wa buluu hata kuku wa Kinondo walijua kulikimbia kabla halijakata kona.

Mwaka huo, baada ya mvua za El Nino, binti yake Hafsa alichumbiwa na kijana wa Munje. Mjomba akaapa kumpeleka kwa mumewe kwa gari lile lile lililomtoa hospitali ya Msambweni akiwa mchanga wa siku tatu. Habari zikafika Munje. Bi Mwanarusi, shangazi wa bwana harusi, akacheka.

"Sisi tunaoa mke, hatununui samaki wa kubanika. Likifuka, tutaleta gari la hoteli kutoka Galu, na Boga apande nyuma kama mgeni."

Neno hilo lilimchoma mjomba. Jumanne ya wiki ya harusi tukaenda Ukunda kwa Musyoki, fundi wake. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nimefunga shule, na nilitaka kujua kila kitu.

"Kwa nini linafuka?" nikauliza.

"Ringi zimeisha, msichana. Oili inapanda juu inaungua na petroli." Akatoa chupa. "Hii ni dawa. Inafanya oili iwe nzito, isipenye. Lakini mzee, haitibu uzee. Weka moja tu."

Dawa yenyewe ilivutika kama asali. Mjomba akanunua chupa tatu.

"Si amesema moja, mjomba?"

"Wewe ulipougua malaria ulimeza kidonge kimoja? Dozi haikatizwi."

Chupa ya kwanza ikapunguza moshi, na mjomba akauzunguka mtaa mzima akipunga mkono. Jumatano, baada ya chupa ya pili, ulibaki moshi kama wa sigara tu.

"Mgonjwa amepona, mwache," akasema mkewe, Shangazi Kadzo.

"Hapo ndipo watu wanapokosea," akajibu mjomba. Alhamisi akamimina ya tatu.

Ijumaa, Hafsa akiwa amekwisha kupambwa, mjomba akapiga stata. Gari likaguna mara moja, likanyamaza. Tukalisukuma. Magurudumu yakaburura mchanga bila kuzunguka.

"Moshi umekwisha kweli," akasema Shangazi Kadzo. "Dawa hiyo haina mpinzani."

Nikatumwa kwa baiskeli kumwita Musyoki. Alipofungua nati ya chini, oili ilining'inia kama mlenda.

"Mzee, uliipa gari hii chupa ngapi?"

"Nimemaliza dozi."

"Umemaliza injini."

Akaitoa yote, akatia oili ya kawaida. Pijo likawaka, na moshi wake wote wa zamani ukarudi. Mjomba alisimama akiutazama. Mwishowe akamgeukia Hafsa.

"Mwanangu, niende dukani nipige simu Galu?"

"Baba, mimi nimelizoea hili tangu nina siku tatu. Twende."

Shangazi Kadzo akakichukua chetezo alichokuwa akimfukizia bibi harusi, akakipakata garini, akatupia udi kwenye makaa kiganja baada ya kiganja. Tukafungua madirisha yote. Nilikohoa mpaka Munje.

Bi Mwanarusi alikuwa mlangoni. Wingu likamfikia kabla yetu. Akanusa.

"Moshi gani huu, Boga?"

"Udi, mkwe wangu. Kwetu bibi harusi hufukizwa mpaka mlangoni kwa mumewe."

"Na huu unaotoka nyuma?"

"Huo pia."

Bi Mwanarusi alicheka mpaka leso ikamdondoka begani, kisha akapiga kigelegele na kumshika Hafsa mkono. Gari la Galu halikutajwa tena.

Wakati wa kurudi mjomba aliendesha polepole, kiwiko dirishani. Tulipopita Msambweni akaniinamia.

"Ile oili aliyoitoa Musyoki, hukuona ameiweka wapi?"