Macho Mawili ya Fundi Bahili

Fundi cherehani huyu alikuwa na mkono wa birika kuliko mtu yeyote mtaani. Alipopata mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, alinunua miwani, kisha taa kubwa, kisha miwani nyingine. Ila habari za operesheni hakutaka kuzisikia.

"Ni ghali," alisema.

"Ghali?" mkewe akamjia juu. "Juzi umemshonea mwalimu suruali, mguu mmoja mweusi, mwingine wa buluu, ukamlipa kitambaa chake. Hebu jumlisha mwenyewe, baba watoto."

Alijumlisha, akarudia, akanywea. Fedha alizokwisha kupoteza zingetosha macho matatu, naye alikuwa na mawili tu.

Hata hivyo, mbele ya daktari alijaribu bahati yake. "Nikifanya yote mawili, unanipunguzia?"

"Tuanze na moja, mzee wangu," daktari akasema huku akicheka.

Kazi ilikwisha kabla mkewe hajamaliza chai yake pale nje. Kesho yake walipomfungua bandeji, fundi alitazama kuta, akatazama watu, akatabasamu mpaka jino la mwisho. Kisha akaliona shati alilovaa, alilojishonea kwa majivuno. Kola ilikuwa imekwenda upande. Njia nzima akawa anaivuta ikae sawa.

Wiki iliyofuata akawa anawasimamisha wateja wake barabarani. "Samahani ndugu yangu, vua hilo koti nikurekebishie."

Aliwarekebishia wote bure, na mtaa ukalizungumza hilo kuliko operesheni yenyewe.