Mama na Minde kwenye Mkanda Mmoja

Nilizaliwa na umbea, na Mungu akanipa kazi ya kuulisha. Miaka ile ya tisini, biashara zilipofunguliwa na kila mwenye ndugu Dubai akaleta mashine yake, nilikuwa nasafisha picha kwenye studio moja mjini Moshi, upande wa Majengo. Mkanda ukishapita kwenye mashine, mtu wa kwanza kuona kilichomo nilikuwa mimi, siyo mwenye mkanda. Harusi niliziona kabla ya bibi harusi mwenyewe. Niliona vipaimara, misiba, ng'ombe wapya, wazungu waliofika kileleni midomo imewapasuka, na mara mojamoja mambo ambayo wenyewe walipokuja kuyachukua nilijitia kutazama nje.

Kwa hiyo ulipoletwa mkanda wenye majani matupu, niliudhika. Picha baada ya picha: majani, shina la mti, majani, giza, majani tena. Nilidhani mtoto kachezea kamera. Kumbe ulikuwa wa dada mmoja mrefu, mtu wa Singida, mtaalamu wa wanyama kwenye kikundi cha kuhifadhi misitu kilichokuwa kimepanga vyumba viwili nyuma ya soko. Alipokuja kuuchukua aliyapitia majani yale taratibu kwa uso wa mtu anayesoma barua ya mchumba. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza anatafuta nini.

Akanieleza palepale kaunta, na wateja wakangoja. Kamera zao walizifunga kwenye miti huko msituni, ndani ya visanduku. Kitu chochote chenye joto kikipita mbele yake, kisanduku kinapiga picha chenyewe na kuandika tarehe na saa pembeni. Jua likipasha majani wakati mwingine kinadanganyika, ndiyo maana ya picha zile za bure. Alikuwa anamtafuta minde. Mimi Mchaga wa mlimani nilikuwa nimelisikia jina hilo kwa wazee tu. Ni mnyama wa jamii ya paa, alisema, mnene, mweusi kuelekea kahawia, ana kishungi chekundu katikati ya pembe, na hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye milima michache ya Tanzania. Kikundi chao kilikuwa kimeshang'oa mitego ya waya mingi na kuotesha miti ya asili, lakini hawakuwa na uhakika kama kilichobaki cha kulindwa bado kipo.

Nikamuuliza mnyama asiyeonwa na watalii wala asiyeliwa ana faida gani. Hakukasirika. Alisema hata yeye hajui yote anayoyafanya minde mle ndani, na hilo ndilo linalomnyima usingizi. Tangu siku ile nikawa naingoja mikanda yake kwa hamu kuliko ya harusi.

Jumapili nilipokwenda nyumbani nilimsimulia mama habari hizo kama ninavyosimulia kila kitu, yaani chote. Mama alikuwa mjane, ana ng'ombe wawili bandani. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka tangu wanunuzi binafsi walipokuja na mizani zao, na ada ya mdogo wangu ilitoka kwenye chuchu za ng'ombe wale. Majani yao mama aliyakata kwenye ukanda tunaouita nusu maili, ulio kati ya vihamba vyetu, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, na msitu mkubwa. Wanawake wa kwetu walikata majani humo tangu enzi za bibi zao. Lakini mwaka ule serikali ya kijiji ilikuwa imepiga marufuku kuingia humo, kusubiri mkutano utakaoamua kama ukanda wetu ufungwe moja kwa moja. Kikundi cha yule dada ndicho kilichotoa ushauri huo. Wanawake waliendelea kuingia kwa kuibia, na bwana misitu aliyemkamata mtu alimtoza faini na kumnyang'anya mundu.

Mama alisikiliza habari za visanduku, akauliza swali moja tu: hiyo mikanda inafika kwangu kwanza? Nikamwambia ndiyo. Akaendelea kumenya ndizi.

Wiki kadhaa zikapita bila mimi kupanda nyumbani. Kazi zilikuwa nyingi, na uvivu pia. Siku moja dada wa Singida akaleta mkanda, akasema atarudi kesho kutwa, nami nikautia kwenye mashine. Majani. Majani. Mbega watatu wakitazama juu kama wanaosubiri mvua. Majani. Halafu mama.

Alikuwa amesimama wima katikati ya picha, amevaa kitenge chake cha kanisani na kilemba, mikono ameishusha ubavuni kama walivyofundishwa kusimama kwenye picha zamani. Miguuni pake palikuwa na mzigo wa majani mabichi uliofungwa vizuri. Alikuwa anatabasamu, na anayetabasamiwa nilikuwa mimi. Nilielewa mara moja, kwa sababu namjua. Simu kijijini haikuwepo, mtoto hakuja nyumbani, basi akaamua kunisalimia kwa kamera ya watu, ndani ya msitu uliopigwa marufuku, na kosa lake likiwa limefungwa kamba miguuni.

Nilimkasirikia kwelikweli. Halafu nikatazama picha iliyofuata na hasira ikakatika. Ilikuwa siku ileile, jioni, giza linaanza. Palepale mama aliposimama, alisimama mnyama mnene mweusi, amegeuza kichwa, kishungi chekundu kinaonekana wazi kabisa, anakula majani yaliyodondoka kwenye mzigo. Nilikaa nikamtazama mpaka mwenye studio akaniuliza kama mashine imekwama.

Kazi yangu ya mwisho kwa kila mkanda ilikuwa kuukata vipande na kuviingiza kwenye bahasha. Mama na minde walikuwa wamepakana, na kati yao palikuwa na nafasi ya kupitisha mkasi. Ningeweza kumkata mama, nikasema kipande kimeungua. Vipande viliungua kila siku. Dada wa Singida angepata minde wake na mama asingejulikana. Nilishika mkasi. Kilichonizuia siyo uadilifu, nisijipambe. Nilitaka kwanza mama amwone yule aliyekuja nyuma yake. Nikautia mkanda mzima kwenye bahasha, nikachukua picha mbili, na jioni ile nikapanda nyumbani.

Mama alipojiona alicheka. Akasema kilemba kilikuwa kimekaa upande. Nilipomgombeza akashangaa kwa dhati: alijua mimi ndiye nitakayeiona, na kwamba nikishaiona nitaikata, kwani mkasi si ninao mwenyewe. Hakuwahi kufikiri kwamba mkanda ni mali ya mtu. Nikampa picha ya pili. Akaacha kucheka. Akaisogeza kwenye taa, akaondoa kitambaa cha mezani ili mwanga urudi vizuri.

"Kumbe ndiye huyu," alisema.

Alikuwa amekata majani mle tangu alipoolewa, na hakuwahi kumwona. Kinyesi aliwahi kukiona, na njia ndogo kwenye magugu, na mara moja kitu kikubwa kilikurupuka mbele yake akadhani ni nguruwe. Aliniuliza maswali mfululizo: anazaa mara ngapi, analala wapi mvua ikinyesha, anakula yaleyale wanayokata wao au mengine. Halafu akaniuliza ile saa iliyoandikwa pembeni inasemaje. Nilipomsomea kuwa ni jioni ya siku ileile aliyosimama yeye, alizilaza picha zote mbili kando kwa kando mezani.

"Usikate," akasema. "Wanasema tunamfukuza. Kama tunamfukuza, mbona alikuja nyuma yangu siku ileile? Wapelekee wote wawili."

Nikamwambia atatozwa faini na kuaibishwa mbele ya kijiji kizima. Akasema faini ni afadhali kuliko kuuza ng'ombe.

Kwa hiyo dada wa Singida alipokuja nilimpa mkanda mzima, nikamwambia huyu ni mama yangu mzazi. Alimtazama minde kwanza, macho yakamjaa machozi, akacheka, akanishika mkono. Baadaye ndipo alipomtazama mama, kwa muda mrefu zaidi.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Bwana misitu alisema picha ile ni ushahidi wa kosa, na kwa sheria alikuwa na haki. Mama alisimama bila kuitwa, akaomba faini yake iandikwe. Lakini kabla haijaandikwa, alisema, ana swali kwa huyu binti. Akamgeukia dada wa Singida, akamuuliza lile lile aliloniuliza mimi: kama ni sisi tunaomfukuza, mbona alikuja?

Watu wote wakamtazama yule dada. Ni kikundi chake kilichokuwa kimeshauri ukanda ufungwe, na wakubwa zake walikuwa wameketi kwenye viti vya mbele. Nilidhani atatoa hotuba.

"Sijui, mama," alisema. "Picha moja hainiambii. Anaweza kuwa amewazoea, au ana njaa na hana pengine pa kwenda."

"Basi tutajuaje?" mama akauliza.

Palepale, mbele ya watu, wakaanza kupanga wao wawili kama wanaopanga shughuli ya harusi. Ukanda wetu umekatwa katikati na korongo. Wanawake waruhusiwe kukata upande mmoja tu, upande wa pili wasiguse hata jani, na kamera zifungwe pande zote mbili mpaka masika ipite. Bwana misitu alikuna kichwa, lakini mwenyekiti wa kijiji alikubali, nadhani kwa sababu ilimwepusha na kuamua. Mama alilipa faini yake. Wanawake walimpigia vigelegele, maana waliona kesi imeshakwisha na wameshinda. Hata mimi niliona hivyo.

Mama alilichukulia jambo lile kwa uzito ambao sikuutegemea. Mwanamke aliyevuka korongo alikemewa na yeye kabla ya bwana misitu. Nikipanda nyumbani aliniuliza habari za mikanda kabla ya habari zangu. Nilimwambia yule dada amenikataza kusema, apate kuziona zote pamoja. Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kuogopa ninachokiona.

Masika ilipopita, dada wa Singida akaniomba tupande pamoja. Mama alimpikia mtori, akamwita mwanangu, akamlazimisha kuongeza. Vyombo vilipoondolewa yule dada akazipanga picha mezani mafungu mawili. Fungu la upande tuliokata lilikuwa na wanawake, majani, mbega, na minde mara moja tu, mwanzoni kabisa. Fungu la pili lilikuwa na minde. Minde jioni, minde alfajiri, minde amelala. Na kwenye picha za mwisho alikuwa na mtoto, mdogo kama mbwa, amejibanza tumboni kwake.

Mama aliipitia moja moja. Alirudia ile ya mtoto. Akauliza kama inawezekana imetokea tu kwa bahati.

"Inawezekana," yule dada alisema. "Lakini sidhani, mama. Samahani."

"Samahani ya nini? Niliuliza mwenyewe."

Nilikuwa nataka kulia. Nilimchukia yule mnyama kwa dakika hiyo, na kishungi chake, na mtoto wake. Nilijua maana yake bandani kwetu. Yule dada alianza kueleza kwamba kikundi kitaleta vipando vya mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, kwa kila atakayekuwa na nafasi ya kuyaotesha. Nafasi ndiyo iliyokuwa shida. Kihamba chetu, kama vya majirani, kilikuwa kimejaa kahawa na migomba mpaka mlangoni. Mama alimwomba tu ile picha ya minde na mtoto wake, akapewa.

Jioni ileile alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaonyesha wenzake picha hiyo na kuwaambia jibu limekuja vibaya. Wapo waliomwelewa. Wapo waliosema amewauza kwa kipande cha karatasi, na mmoja, shoga yake wa miaka mingi, hakumsalimia tena mpaka anakufa. Mkutano wa pili ulikuwa mfupi. Upande wa pili wa korongo ukafungwa. Upande wetu ukaachwa wazi kwa siku chache za wiki, mpaka majani ya nyumbani yatakaposhika.

Vipando vilipofika nilikuwa nyumbani kwa likizo. Asubuhi mama alivaa nguo za shamba, akachukua jembe na panga, akaenda kwenye mistari ya kahawa iliyo karibu na mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, pale udongo unaposhika maji. Kung'oa kahawa lilikuwa jambo ambalo watu wa mlimani walilinong'oneza kama wizi, hata bei ilipokuwa haifai kitu. Mibuni ile aliipanda pamoja na baba mwaka waliooana, kabla mimi sijazaliwa. Alikata matawi kwanza, halafu akachimba mizizi, shina moja baada ya lingine, bila kupumzika na bila kunitazama. Alipofika shina la mwisho la mstari wa kwanza alinikabidhi jembe, akaketi kwenye rundo la matawi na kuanza kulia kwa sauti. Sikumwambia anyamaze. Nilishika mpini, ukiwa bado na joto la mikono yake, nikaendelea kuchimba.