Shangazi na Ubao wa Kimya

Shangazi yangu hajui kuongea na simu. Anachojua ni kupiga kelele huku ameishika. Kwa akili yake, sauti lazima ilingane na umbali: dada yake wa mtaa wa pili anamsemesha kwa nguvu kiasi, lakini mjomba wa mji mwingine akipiga, jirani yetu anapunguza televisheni, maana anajua habari za shangazi zina utamu zaidi. Nyumbani tunamwita Redio.

Sasa mtu huyo ndiye aliyepewa kazi ya kunyamazisha simu kwenye kiwanja cha gofu. Cheka tu, na mimi nilicheka.

Alianza pale kama mfagiaji wa baraza ya klabu. Kulikuwa na mwanachama mmoja, muuza magari, aliyependa kufanya biashara kwenye simu huku mwenzake ameinamia mpira. Mchezo ule unataka utulivu. Anayetaka kupiga mpira ni kama anayetunga uzi kwenye sindano. Ukimpigia kelele, anakosa. Watu walimkazia macho muuza magari, wakakohoa, wapi! Shangazi akaegemea fagio lake na kufoka kutoka barazani: "Wewe mwenye simu! Muache mwenzio apige!" Sauti ilimfikia muuza magari, ikampita, ikaenda kuwashtua waliokuwa kwenye shimo la mbali kabisa. Muuza magari aliizima simu kwa mikono miwili.

Kepteni wa klabu, daktari wa meno aliyestaafu na anayependa kanuni kuliko chakula, alimwita ofisini siku hiyohiyo. Akampa ubao wenye mpini, ulioandikwa KIMYA kwa herufi nyekundu, pamoja na sharti moja: asifungue mdomo tena akiwa uwanjani. Akamsomea na kanuni. Simu za wanachama zikae kwenye mikoba, zimezimwa mlio. Mwenye dharura ajitenge nyuma ya banda la mashine za kukatia nyasi. Na mfanyakazi asikanyage nyasi akiwa na simu. Akikutwa nayo, aage wenzake.

Shangazi aliifanya kazi ile kwa macho tu. Wanachama wakamwita Mama Kimya, na walimwogopa kweli. Mimi kazi yangu ni kuandika alama za wachezaji kwenye ubao mkubwa karibu na shimo la mwisho, hivyo nilimwona kila siku akipita bila neno, nikajiuliza maneno yote yale anayaweka wapi. Jibu nililipata jioni, nyumbani, tukila.

Lakini mdomo huponza kichwa, na wa shangazi ulikuwa umeshamponza. Anaye binti mmoja tu. Binti huyo aliwahi kumnong'oneza kwamba anataka kuvunja uchumba, ila kwanza atafute maneno mazuri ya kumwambia mchumba wake. Shangazi akampigia dada yake simu pale dirishani: "Usimwambie mtu!" Dada hakumwambia mtu. Hakukuwa na aliyebaki wa kuambiwa. Mchumba mwenyewe alikuwa dukani ng'ambo ya barabara, ananunua sabuni, akasikia tangu mwanzo hadi mwisho.

Maji yakimwagika hayazoleki. Binti alifungasha nguo akahamia mji wa mbali. Mlangoni alisema, "Mama, siku utakayojua kusema na mimi peke yangu, tutaongea." Tangu hapo shangazi alimpigia mara nyingi, na kila mara alianza kwa "HALOOO!" ya kutikisa vikombe. Binti akisikia hivyo, anakata. Nilimhurumia shangazi, lakini pia nilitaka kumziba mdomo kwa mto. Kila usiku simu yake ililala kifuani pake, kama mtoto mchanga.

Yakaja mashindano ya kombe, ya siku mbili. Siku ya kwanza, watu wamejaa kulizunguka shimo la mwisho, Kepteni mwenyewe ameinama, hata nzi wameheshimu. Nikamwona shangazi ameruka kidogo, mkono kifuani. Nilidhani kaumwa na siafu. Kumbe simu! Mama Kimya, mlinzi wa kanuni, alikuwa na simu kwenye nyasi. Nyani haoni kundule. Aliichungulia, uso ukambadilika: ni binti yake, ambaye tangu ahame hakuwahi kumpigia. Banda la mashine lilikuwa mbali, na kutembea wakati mtu anapiga nako ni kosa. Akachuchumaa nyuma ya ubao wangu wa alama, karibu na miguu yangu.

Na hapo nikasikia kitu ambacho ukoo mzima haujawahi kusikia. Shangazi alinong'ona.

"Haloo. Mwanangu."

Simu yake nayo imezoea kelele, kwa hiyo nilimsikia binti vizuri: "Mama? Ni wewe? Una nini?"

"Niko salama, mwanangu."

"Mbona huna sauti? Unaumwa?"

"Siumwi. Nisikilize. Nisamehe. Ile siri haikuwa yangu. Nimekukosea, nisamehe."

Hapo simu ikakatika. Shangazi alibaki amechuchumaa, machozi yanamtoka bila sauti, na mimi nikajifanya naandika alama.

Fikiria wewe ndiye binti. Mama yako, aliyezaliwa akifoka, anakunong'oneza kuwa yuko salama, halafu anakuomba msamaha. Utaelewa nini? Kwamba yuko kitandani, anaaga dunia! Alinipigia mimi aulize, simu yangu iko kabatini kwa mujibu wa kanuni. Akapanda basi la kwanza.

Kesho yake, palepale shimo la mwisho, Kepteni alibakiza pigo moja fupi anyanyue kombe. Ameinama. Fimbo imerudi nyuma. Ndipo sauti ikatoka getini:

"MAMAAA! KUMBE U MZIMAAA!"

Mpira ulikwenda kokote ulikotaka isipokuwa shimoni. Mkono wa shangazi, kwa mazoea, ulinyanyua ubao wa KIMYA. Kisha alimwona anayekuja mbio na begi begani. Akautupa ubao chini.

"MWANANGUUU!"

Kepteni alinyooka polepole. "Nani huyo?"

"Binti yake, bwana," nikajibu.

"Hata usingeniambia, ningejua," akasema, akijisugua sikio.

Shangazi hakungoja kukutwa. Alimpelekea Kepteni ile simu mwenyewe na kumweleza yote. Kepteni, ambaye naye ana binti wa mbali, aliitazama muda mrefu. Hakumfukuza. Alimrudishia fagio lake la barazani, na ubao wa KIMYA nikapewa mimi. Hakuna anayeniogopa. Juzi muuza magari aliniomba nimshikie ubao vizuri, anautumia kama kivuli cha kusomea ujumbe.

Jioni ile binti alipofika, tulikula pamoja sebuleni. Baada ya kula akamwambia mama yake kuna jambo. Shangazi aliinuka, akafunga lile dirisha, akakaa karibu naye mpaka vichwa vikagusana. Mimi nilitolewa nje. Nilitega sikio ukutani bila aibu, na sikupata hata neno moja.

Wiki ya tatu baada ya hapo binti alitukusanya ukoo mzima na kutangaza kuwa amepata mchumba mwingine. Tulishangilia, kisha wote tukamgeukia shangazi, tukitaraji atapiga yowe la kushtuka. Yeye alikuwa anakunja kitambaa cha meza.

"Mimi aliniambia siku ile ile," akasema taratibu.

Binti yake akamshika mkono, akacheka huku analia.