Mama Alinawa Miguu kwa Maji ya Mwanangu

Admin, jina langu libaki kwako. Swali ambalo limenisumbua kwa miaka mingi ni hili: namna mtu anavyoutunza mwili wake ni uamuzi wake kweli, au ni ya nyumba iliyomlea? Nina miaka thelathini na minne na shahada ya uzamili. Naishi mjini, mtaa wa Kwa Mrombo, na mume wangu na binti yetu wa miaka mitano. Nimezaliwa kijijini, Maji ya Chai. Watu wa huku mmeshaelewa. Kwa wengine, niseme tu kwamba maji tuliyokulia yana madini ya floridi kupita kiasi, yanayoharibu rangi ya meno, na meno yangu ni ya kahawia tangu yalipoota.

Nyumbani hatukuhangaika na mswaki. Haukuwa uvivu. Mama alikuwa akisema, "Mnasugua nini? Hiyo rangi haitoki," na kwa macho yetu alikuwa sahihi. Nilipofika chuo, mwenzangu wa chumba aliniuliza mbele ya watu kama nakula udongo. Tangu hapo nasugua mpaka fizi zinatoka damu. Daktari wa meno amenikataza, bado nasugua, na nikicheka naziba mdomo. Kwa hiyo wale watakaoandika "usafi ni kuamua tu" waisome aya hii tena kabla ya kunifundisha.

Mume wangu alikulia kwenye maji mazuri, na anaishi kana kwamba aliyachagua. Aliweka sharti: mtoto asinywe hata tone kwa bibi yake mpaka meno ya utu uzima yaote yote. Kitaalamu sina hoja ya kumpinga. Pasaka iliyopita nikampeleka mtoto kwa mama, pamoja na dumu la maji ya kununua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hilo dumu ni la nini?"

Nikaeleza kwa upole, kama ninavyoeleza mambo kazini. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaleta beseni, akafungua dumu, akamimina, akaanza kunawa miguu yenye udongo wa shambani, taratibu, huku akinitazama.

"Maji yangu yamekufikisha chuo kikuu," alisema. "Leo yamekuwa sumu. Siku nyingine ukija na dumu, pitiliza nalo mpaka Kikatiti huko mbele."

Tuliporudi mjini, dada wa mume wangu alikuwa sebuleni akitusubiri. Hata salamu hakuimaliza, akawasha tochi ya simu.

"Njoo, fungua mdomo shangazi aone kama bibi amekuharibu."

"Wifi, huyo si ng'ombe wa mnadani," nikamwambia.

"Usikasirike, wifi. Si kwenu mswaki ni wa Krismasi?"

Mume wangu akacheka. Mtoto naye akacheka kwa kuwa baba yake amecheka, na kabla sauti haijatoka, kiganja chake kilikuwa tayari kimefunika mdomo. Meno yake ni meupe, hayana hata doa.

"Mwone," wifi akasema. "Anacheka kama mama yake."

Sijazungumza naye tangu siku ile, na sina mpango huo.

Sasa Krismasi inakaribia. Mama amesema mtoto aje bila dumu, la sivyo tusije sote. Mume wangu amesema mtoto akienda bila dumu, akirudi atahamia kwa shangazi yake. Hatanii.

Nimejaribu kuhitimisha kwamba kosa ni la mume wangu, kisha kwamba ni la mama, na kila hitimisho linanishinda kulitetea, kwa sababu anayepima ni mimi, niliyelelewa na maji yaleyale na kuchekwa kwa ajili yake. Maji nimeyazuia yasimfikie mwanangu. Ule mkono mdomoni hakuutoa kwa bibi. Ninapobeba dumu lile, sijui kama nabeba elimu yangu au aibu yangu, na sioni wa kumuuliza nyumbani ambaye hana upande.

Ndiyo maana nawauliza ninyi msionijua: mngekuwa mimi, mngeenda na dumu, au mngemwacha mtoto anywe kikombe kimoja kutoka mkononi mwa bibi yake?