Godoro Nyuma ya Gari

Fundi wa Mugumu hanyanyui gari kwa macho. Kila akikaza bolti za vile vyuma virefu vinavyojisokota mbele badala ya springi, anashusha jeki, analitikisa gari mara tatu, kisha anapima kwa shubiri kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto, akinong'ona hesabu kwa Kikurya. Elieth alikuja na gari la kaka yake; lilipoinuka pua, mawe ya njia ya Nyansurura yaliacha kumtisha, akaanza kutandika godoro nyuma. Mikono ya fundi ikasimama.

"Atalala nani hapo, binti?"

"Mama. Amevunjika nyonga, tunampeleka Musoma."

Fundi akarudi chini ya gari, akaanza kulegeza bolti zote.

"Mzee, umelewa?" dereva mmoja aliyekuwa akisubiri zamu akamcheka. "Umekaza saa nzima, sasa unafungua?"

"Ukilinyanyua linakuwa gumu, linarusha kama mkokoteni," fundi akajibu.

"Lakini litagonga mawe," Elieth akasema.

"Ligonge. Mke wangu alipokuwa mgonjwa nilimnyanyulia gari hivi hivi. Njia nzima alikuwa ananiomba nisimame, na mimi najisifu gari halijagusa jiwe hata moja."