Kola za Bibi na Uzi Uliotiliwa Shaka

Juzi nilikwenda Kariakoo kutafuta gauni la harusi ya binti yangu. Muuzaji akanitolea moja lenye kola ya lesi, akaapa, "Mama, hii imefumwa kwa mkono." Nikaigeuza ndani nje. Ilikuwa ya mashine, na yeye alijua. Usinilaumu, rafiki yangu. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya watu waliotiliana shaka, na shaka yenyewe ilianzia kwenye kola.

Bibi, mzaa mama, alitoka Kilimanjaro, na kufuma alifundishwa na masista wa misheni akiwa msichana. Mimi na yeye tulipanga chumba kwenye nyumba ya Kiswahili hapohapo Kariakoo. Mchana alikaa uani na wapangaji wenzake, wao wakichambua mchele, yeye akifuma maua na majani kwa uzi mweupe. Kola ikiisha aliichovya kwenye wanga wa mhogo, akainyoosha kwa pasi ya mkaa, na mimi nilipenda ile harufu kuliko ya chakula. Mabibi harusi wa mtaa walimgombania. Sharti lao lilikuwa moja, uzi uwe mpya, kwani waliamini anayeolewa na kitu kikuukuu huolewa na mikosi yake.

Kisha ikaja miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, na uzi madukani ukawa hadithi. Kola za bibi hazikukatika. Ila sasa alifumia chumbani, mlango kaufunga.

Jirani yetu, mama muuza vitumbua, alikuwa ameagiza kola ya binti yake. Akaanza kuniita jikoni. "Mjukuu, njoo ule. Hivi bibi yako uzi anautoa wapi siku hizi?" Nilikula kitumbua, nikasema sijui. Kweli sikujua, ila nilikuwa na shaka zangu. Vitambaa vya makochi yetu, alivyovifuma mwenyewe zamani, vilikuwa vinatoweka kimoja kimoja, nikadhani bibi anabadilishana na walanguzi ili apate uzi. Niliogopa sana, maana waliokutwa na magendo walikuwa wakichukuliwa. Huko ukumbini watu walinong'ona kwamba lisemwalo lipo.

Jumamosi moja asubuhi akaja balozi wa nyumba kumi na mgambo.

"Shikamoo, bibi. Tumeambiwa unaficha katoni za uzi."

"Marahaba," bibi akajibu. Aliwatazama majirani waliojazana mlangoni, muuza vitumbua akiwa mbele. Nilimwona anasita, na sikuelewa kwa nini mtu asiye na hatia asite. Mwishowe akavuta beseni kutoka mvunguni. Ndani mlikuwa na uzi umelowekwa, na kando yake kitambaa cha mwisho cha kochi, nusu kimefumuliwa.

"Uzi wangu ndio huu. Nafumua vya kwangu, naloweka unyooke, nafuma vya kwenu."

Balozi akacheka, akaomba radhi, wakaondoka. Nilifurahi nikajua yamekwisha.

Kesho yake, watu walipotoka kanisani, muuza vitumbua alirudisha kola, kaifunga kwenye gazeti. "Usinichukie, bibi. Mwanangu hawezi kuolewa na vitambaa vya makochi." Wengine wakafuata. Bibi alizipokea zote kwa upole, akazikunja. Jioni akaniambia, "Wangekuta katoni ya magendo humu, mimi ningefungwa, lakini kola wangezivaa."

Hakufuma tena. Nyumba ile imebomolewa, limesimama ghorofa la maduka, na siku hizi watu hufunga milango bila hata kuwa na la kuficha. Ninaukumbuka ule ua mpaka roho inauma. Aliyemchongea bibi sijamjua hadi leo. Jumatatu iliyofuata asubuhi, wapangaji wote walimwamkia vizuri kama kawaida, naye akawaitikia wote. Mimi nilisimama nyuma yake, nikawa nawatazama mmoja mmoja usoni, na tangu hapo sijaacha.